MREJESHO: Doa jeusi unyayoni kwa mjomba, Tandahimba

Wakuu, nilileta habari ya mjomba mwenye doa jeusi unyayoni, asilojua limeanza lini. Wengine mkasema ni mafuta ya ganda la korosho, wengine likatwe haraka, mmoja akashauri tutafute daktari mwenye dermoskopu, kifaa cha kuchungulia ngozi kwa karibu. Tulimsikiliza huyo.

Tukampeleka kliniki ya ngozi Mtwara mjini. Daktari alipaka jeli, akagandamiza kidude chenye taa na lenzi inayokuza mara 10, akaniita nami nichungulie. Kumbe unyayo una matuta na mifereji, kama alama za dole gumba. Juu ya matuta kuna nukta nyeupe zimejipanga, ndiyo matundu ya jasho. Rangi ikilala kwenye mifereji, mara nyingi ni baka la kawaida. Ikifuata matuta, melanoma (saratani hatari ya ngozi) inashukiwa na kinyama hukatwa kupelekwa maabara. Kwa macho matupu huoni tofauti hiyo hata ukodoe vipi. Na kwetu sisi weusi, melanoma hupenda nyayo. Hata ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kidole cha mguu.

Ya mjomba imelala mifereji mitupu. Hakukatwa. Limepimwa kwa rula, likapigwa picha, atarudi baada ya miezi mitatu walinganishe. Yeye shida yake ilikuwa kama ataruhusiwa kuokota korosho! Karuhusiwa, ila avae viatu (ubishi uliofuata sisimulii).

Aliyeuliza kuhusu lenzi ya kubandika kwenye simu: picha utapata, lakini daktari kasema asiyefunzwa kuisoma hamzidi anayetazama kwa macho.