Mnaotupa paka na mbwa getini kwangu usiku, leo tuongee

Wakuu, leo sina salamu. Nina usingizi wa siku nne na hasira za miaka minne.

Nakaa Walukuba hapa Jinja, Uganda, nyumba ya kona, geti la mabati ya bluu. Kawaida nisingetaja rangi ya geti mitandaoni, ila wahusika wanalijua kuliko mimi mwenyewe, maana wanalifikia saa nane za usiku bila tochi.

Alhamisi alfajiri Shangazi anatoka kutia udhu, anasikia kitu kinalia nje kama bawaba isiyotiwa mafuta. Boksi la sabuni, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani paka watano, macho hayajafunguka, yaani hata wiki mbili hawajafikisha. Siafu walikuwa wameshatutangulia. Mmoja tulimkuta amekwisha kufa. Waliobaki nikakaa nao barazani nawatoa siafu mmoja mmoja kwa kibano cha nyusi, mpaka jua likapanda na kazini nikachelewa.

Sasa wewe uliyewaleta, ulidhani watakula nini? Mukene, hawa dagaa wetu? Paka wa umri huo hajui kutafuna. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Anataka kulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Tena hata kukojoa hawezi peke yake, mama yake humlamba ndipo mkojo utoke. Mama hayupo, kwa hiyo anayekesha na kitambaa cha maji ya uvuguvugu akisugua matako ya paka ni mimi, mtu mzima mwenye kazi yake na heshima zake. Na huyo mama yuko kwako, chuchu zimemjaa, anazunguka nyumba akiwaita! Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache tu. Usipompeleka kufungwa kizazi, hesabu mwenyewe utakuwa getini kwangu tena lini.

Jibu lenu nalijua: "Lakini wewe si unapenda wanyama?" Ndiyo, ninawapenda. Mwalimu wa chekechea naye anapenda watoto, mbona hamwendi kumwachia wenu mlangoni usiku?

Kabla ya boksi hilo nilikuwa na mbwa wawili na paka mmoja, na hakuna hata mmoja niliyemwomba. Mbwa wa kwanza, Saba, alikuja akiwa kifurushi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Jina alipewa na Shangazi bila kukusudia. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Wiki ya kwanza yule mtoto wa mbwa alilamba sufuria tatu. Shangazi akawa anahesabu kwa sauti pale bombani, "tano… sita… saba!", na kila akifika saba mbwa anakuja mbio akidhani anaitwa. Basi. Mpaka leo kuna kopo la udongo kando ya bomba. Lakini nani anamwekea mifupa ya Ijumaa? Shangazi huyo huyo. Anamrushia kutoka mbali, ameshika kanga isiguswe, anamwambia, "Kula, mwanangu, ila usinisogelee."

Boda ana miguu mitatu. Aligongwa na pikipiki, na mwenye pikipiki akamleta kwangu kwa pikipiki hiyo hiyo, akasema anaenda kutafuta hela ya dawa. Mwaka wa tatu huu, anaitafuta. Tangu hapo mbwa hataki kuona helmeti. Shemeji yangu huivua kule kwenye kona na kuja amekumbatia kichwa kama mtu aliyefiwa.

Paka anaitwa Ushuru. Muuza samaki anayetoka Masese akipiga kengele ya baiskeli, Ushuru anafika getini kabla yangu. Asipotupiwa chochote analala juu ya mizani, na biashara inasimama hapo.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Hawa hawanichoshi. Mnaonichosha ni nyinyi.

Mwaka jana mtu alifunga mbwa kwa waya kwenye nguzo ya geti langu akaenda zake. Asubuhi mtoto wa shule anapita, mbwa ana njaa na waya umeshamkata shingo, akamuuma mtoto shavu la mguu. Nani aliitwa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa? Mimi. "Mbwa wako amemuuma mtoto." Wangu wana kadi za chanjo, kila mwaka nachanja. Yule simjui. Nilimwosha mtoto jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, huku watu wazima wakinibishia kwamba tupake mafuta ya taa, kisha nikalipa usafiri wa kwenda kuchoma sindano. Zote, si moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna daktari wa kukurudisha, hilo si jambo la kubahatisha. Aliyefunga waya hakujitokeza. Nina hakika alikuwepo kwenye kikao akitikisa kichwa.

Sasa turudi kwenye boksi. Jana jioni nimelipindua ili nibadilishe matambara. Chini yake kuna maandishi ya kalamu nene, orodha ya wanaodaiwa dukani. Wa tatu ni mimi: "sabuni miche miwili, atalipa Ijumaa."

Mwandiko naujua, duka nalijua. Jina silitaji hapa, lakini najua unasoma, maana huwa unasoma simu huku wateja wanasubiri chenji.

Kesho saa moja asubuhi nakuja na paka wanne. Mama yao mfungie ndani asitoke, tujaribu kama maziwa yapo na kama atawapokea. Wakiacha kunyonya, anaenda kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, na bili ni yako. Ile miche miwili ya sabuni utaikata humo humo.