Muvi za historia ya Marekani: dairekta ana ruhusa ya kubadilisha kitabu mpaka wapi?

Wadau naomba tujadili hili maana limenikaa rohoni. Juzi tunaangalia Hidden Figures, muvi ya akina mama weusi waliopiga mahesabu NASA, shirika la anga la Marekani, na mdogo wangu wa fomu tuu, ikafika ile sini bosi wa kizungu wa NASA anakigonga kibao cha choo cha weusi mpaka kinadondoka, dogo akapiga makofi, akasema huyu mzee alikuwa na roho nzuri sana.

Huyo mzee hakuwepo jamani. Katungwa, wamechanganya watu kadhaa wakapata mmoja. Na Katherine Johnson mwenyewe, yule mama wa mahesabu ambaye muvi inamhusu zaidi, alishasema alikuwa anatumia choo cha hapo hapo jengoni, wala hakuwa anakimbizana na mafaili kifuani kutafuta choo jengo lingine. Aliyepata aibu ya kuulizia choo akachekwa ni Mary Jackson, mwenzake wa hapo hapo kazini. Halafu muvi inasema ni 1961, wakati ile ofisi walikotengwa wanawake weusi wa mahesabu ilishavunjwa 1958.

Sasa sikieni kilichomo kwenye kitabu chenyewe, cha Margot Lee Shetterly. Enzi za vita ya pili ya dunia, pale Langley, Virginia, kwenye kituo walikofanya kazi hao akina mama, kantini ilikuwa na meza imewekewa kibao kidogo kwamba hapa ni pa wanawake weusi wa mahesabu. Mama mmoja anaitwa Miriam Mann akawa anakichukua anakitumbukiza kwenye pochi anaondoka nacho. Kinawekwa kingine, anakichukua tena. Mume wake akamwambia watakufukuza kazi kwa ajili ya hicho kibao, mama akasema basi wafukuze. Ikaendelea hivyo mpaka ikafika siku hakikurudishwa tena. Yaani steringi mlikuwa naye kitabuni, na kibao kipo, na pochi ipo, mkaacha vyote mkampa ujasiri mzungu wa kutunga! Hapo ndipo mimi naumia. Dogo kaondoka anajua kibao kiling'olewa na bosi.

Jamaa yangu tulibishana naye usiku mzima, yeye anasema muvi sio darasa, ni masaa mawili tu, kitabu kizima hakiingii, lazima upunguze na uongeze chumvi. Kupunguza nakubali kabisa. Lincoln ya 2012, muvi ya rais Abraham Lincoln, ilichukua kipande kidogo tu cha kitabu kinene cha Doris Kearns Goodwin, zaidi Januari 1865 Bunge linapopitisha kukomesha utumwa, na ikapendeza. Ila hata humo wameweka wabunge wawili wa Connecticut wanapiga kura ya hapana, wakati wabunge wa jimbo lile walikuwa wanne na wote walisema ndiyo. Eti ili kura ionekane ngumu. Kura 119 kwa 56, theluthi mbili iliyotakiwa imevukwa kwa kura chache tu, ugumu gani tena mnautafuta?

Kuna sehemu wamefanya vizuri, lazima niseme. 12 Years a Slave, ile ya Lupita Nyong'o wetu wa Kenya aliyechukua Oscar 2014, ile sini Patsey, mtumwa aliyeigizwa na Lupita, ametoka kwa jirani na kipande cha sabuni mkononi kwa sababu mke wa bwana wake anamnyima hata sabuni ya kuogea, na kwa hiyo sabuni akachapwa mpaka ngozi ikachanika, ile imo kitabuni kwa Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa akauzwa utumwani kisha akaandika yaliyomkuta, 1853, sabuni na yote. Tukio lenyewe hawakulitunga na hakuna aliyeitazama akasahau. Lakini humo humo, Robert, mwenzake Solomon kwenye meli ya kwenda New Orleans, muvini anachomwa kisu na baharia, kitabuni alikufa kwa ndui. Jamaa anasema kisu kinaonyesha ukatili zaidi. Mimi nasema Solomon alikuwa shahidi, na wakati ule watetezi wa utumwa walikuwa wanasema vitabu kama hivi ni uzushi, ndiyo maana aliandika majina na mahali ili mtu aende akahakikishe. Leo wewe unamwongezea kisu cha nini?

Msimamo wangu: kata unavyotaka, unganisha siku, ila tendo la mtu aliyeishi usimpe mwingine, na kifo cha mtu usikibadilishe. Wanaopinga karibuni, ila anzeni na hili la Miriam, mniambie sini ya mama na pochi yake ingeharibu nini kwenye ile muvi.