Naomba ushauri: karatasi za ukutani rangi ya beji, nyumba ya Tanga

Habari zenu wakuu. Nataka kubandika karatasi za ukutani sebuleni na chumbani kwa mama. Nimependa beji ile ya mchanga mkavu, isiyoelekea njano. Mama ana miaka 71 na macho yamepungua nguvu; rangi nyeupe mchana inamchoma, na rangi nzito inafanya chumba kiwe giza.

Sebule ni mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3. Roli moja ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10, kwa hiyo inatoa vipande vitatu tu. Kuzunguka chumba chote nahitaji kama roli 10, kabla ya kutoa mlango na madirisha mawili. Hapo nimepiga hesabu sawa?

Kinachoninyima usingizi ni unyevu. Tuko karibu na bahari, na ukuta wa upande wa choo unatoa chumvi chini. Rangi ya mwanzo ilibabuka yote. Fundi mmoja anasema nipige skimu (plasta laini ya kusawazisha ukuta) halafu nibandike tu. Mimi naogopa fangasi watajificha nyuma ya karatasi, na mama ana pumu. Je, ukuta huo niuache na rangi, nibandike kuta tatu zilizo kavu?

Na pazia: makochi ni kahawia iliyoiva, vigae vyeupe. Kijani cha majani makavu kitakaa vizuri, au nitafute bluu? Aliyewahi kubandika nyumba za pwani anisaidie, tafadhali, fundi anakuja Jumamosi.