Tupeane uzoefu: mazoezi na chakula hedhi inapokata na baada ya hapo

MWENYE UZI
Wadau, uzi huu ni wa kina mama wa miaka arobaini na kitu kwenda juu, pamoja na wanaowahudumia: wakufunzi, wauguzi, watu wa lishe na wa tiba ya viungo. Simulizi za "nilivyoteseka" zina nyuzi zake. Hapa weka kile ambacho kazi yako imekuonyesha: hatua, kipimo, na pale panapoharibika.

Tuanze tukiongea lugha moja. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma zikishapita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ile miaka ya kabla yake, mwezi huu ipo, miezi miwili haipo, ndicho kipindi cha mpito. Estrojeni (homoni ya kike) ikishuka, mifupa hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa utu uzima, hasa miaka michache ya mwanzo. Mafuta huhamia tumboni na lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda.

Na hili lisisubiri mwisho wa uzi: damu ikitoka tena baada ya miezi hiyo 12, hata tone la kuchafua nguo, usiseme hedhi imerudi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

VYUMA NA MADUMU
Mama akiambiwa afanye mazoezi, anavaa raba anaenda kutembea. Kutembea kunafaa sana kwa moyo, presha na sukari, na dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa uti wa mgongo na misuli ya mapaja, kutembea peke yake hakutoshi. Mfupa hauongezi nguvu kwa mzigo ulioshauzoea. Shirika hilo hilo linataka pia mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki, na hiyo ndiyo sehemu inayorukwa.

Jimu si lazima. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu lenye mpini ni chuma tosha. Tafuta mawili ya lita 3, mawili ya lita 5 na moja la lita 10. Ukitaka dumu dogo liwe zito zaidi, jaza mchanga mkavu: la lita 3 linafika kama kilo 5 bila kuongeza ukubwa.

Anza na kiti. Kiegemeze ukutani, kisiwe cha plastiki kinachopepesuka. Miguu upana wa mabega, sukuma makalio nyuma kwanza kabla ya kukunja magoti, shuka kwa hesabu ya tatu, gusa kiti bila kujitupa, panda ukitoa pumzi. Mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia hadi seti tatu. Ikishakuwa rahisi, kumbatia dumu kifuani.

Linalofuata ndilo la maana kuliko yote na ndilo linaloharibiwa kuliko yote: kuinua mzigo kutoka chini. Kabla ya kushika dumu, chukua mti wa ufagio, uweke wima mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na juu ya mkia. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa makalio huku mikono imejaa mizigo. Mti ukiachia kisogo au mkia, mgongo umepinda. Rudi juu, anza upya. Wengine huchukua wiki mbili na mti tu, na si kupoteza muda. Ndipo uweke dumu juu ya kigoda katikati ya miguu na uliinue kwa mwendo ule ule. Kigoda kinaondolewa baadaye, mti ukishakaa.

Ongezea kuvuta dumu hadi ubavuni huku mkono mwingine umeegemea meza, kusukuma ukuta (baadaye meza, baadaye kiti), na kupanda ngazi moja mguu mmoja mmoja. Mwisho, visigino: inuka kwenye vidole, kisha dondosha visigino chini kwa kishindo kidogo mara 10 hadi 20. Kishindo hicho ni salamu kwa mfupa wa nyonga, ila mwenye mifupa iliyokwisha pungua aulize kwanza.

Yote haya dakika 35, siku mbili au tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Unajuaje mzigo unatosha? Mara ya mwisho ya seti iwe ngumu lakini safi. Ukimaliza seti unapiga soga kama uko kibarazani, dumu ni jepesi: ongeza nusu lita hadi lita moja. Kosa kubwa kuliko maumivu yote ni kubaki na dumu lile lile miezi sita.

Usibane pumzi ukiinua, presha inaruka. Na presha ikiwa juu ya 180/110 ukiwa umetulia, siku hiyo hakuna mazoezi, kuna kliniki.

MAMA SHAMBA
Swali: mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani na kulima kuanzia alfajiri, naye anahitaji madumu?

VYUMA NA MADUMU
Anahitaji, ila machache. Ndoo ni ile ile tangu ana miaka 20. Mwili umeizoea, unaimudu, lakini hauongezi kitu. Na jembe linamweka amepinda mgongo saa nzima, mwendo ule ule tunaoukataa juu hapo. Mpe seti mbili za kiti akiwa na mzigo kifuani, mbili za kuinua kwa mti, mbili za kuvuta. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, na msimu wa palizi mara moja. Faida anayoiona mapema ni ile ya kuitua ndoo kwa nyonga badala ya kiuno.

TIBA YA VIUNGO
Naongezea kwa waliopungua kimo sentimita kadhaa, waliovunjika mkono kwa kuanguka tu wakiwa wamesimama, au walioambiwa mifupa imepungua. Hao wasifanye mazoezi ya kuinua kiwiliwili wakiwa wamelala chali, wala kugusa vidole vya miguu, wala kuzungusha kiuno na mzigo mkononi. Pingili za uti wa mgongo hupasuka upande wa mbele mgongo unapojikunja. Nyumbani mtuhumiwa wa kwanza ni ufagio mfupi wa chelewa. Ufunge kwenye mti mrefu, kazi imekwisha.

Lakini wasiambiwe pia wakae. Australia walijaribu kwa wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua: mizigo mizito kweli, seti tano za mara tano, nusu saa, mara mbili kwa wiki, miezi minane, chini ya uangalizi wa karibu. Mfupa wa kiuno uliongezeka karibu asilimia 3, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipoteza zaidi ya asilimia 1. Neno la kushika hapo ni uangalizi. Si jambo la kujaribu peke yako uani.

Msisahau kusimama mguu mmoja. Shika ukingo wa sinki, inua mguu, punguza vidole vinavyoshika hadi kibaki kimoja, kisha hakuna. Sekunde 30 kila upande unaposubiri chai ichemke. Anayevunjika nyonga mara nyingi alianguka kwanza.

Kuhusu magoti: maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa zoezi, yakatulia kabla ya kesho yake, yanavumilika. Yakizidi, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana. Usiache zoezi zima.

BI NYONGA
Kuna jambo linawafanya kina mama waache mazoezi kimya kimya: mkojo kuponyoka ukikohoa, ukiruka au ukiinua mzigo. Anabadilisha kanga, harudi tena darasani.

Kaza misuli ya chini ya nyonga kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa wakati mmoja, uvute ndani na juu. Shikilia sekunde 6, ukue hadi 10, achia kwa muda ule ule. Kuachia nako ni zoezi. Mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, na usihukumu kabla ya miezi mitatu. Makosa ninayoyasahihisha kila siku ni kukaza makalio, kubana pumzi, na kusukuma chini kama anazaa. Na msifanyie chooni kwa kukatisha mkojo, kibofu kinabaki na masazo. Ukishaumudu, kaza kabla tu ya kuinua dumu au kupiga chafya.

JIKONI KWANZA
Misuli haijengwi kwa madumu matupu. Kwa umri huu lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mama wa kilo 70 ni gramu 70 hadi 84 kwa siku, zigawanywe 25 hivi kwa kila mlo. Chai na maandazi asubuhi, wali na mchuzi mchana, halafu nyama yote usiku: hesabu inaweza kufika, lakini misuli inakuwa imekaa na njaa siku nzima.

Siku moja ya kawaida, bei ya sokoni. Asubuhi uji wa ulezi, gramu 50 za unga, na glasi ya maziwa ndani yake, pamoja na mayai mawili: gramu 24. Mchana ugali saizi ya ngumi mbili, kikombe kizima cha maharage yaliyoiva, glasi ya mtindi: kama 30. Jioni gramu 100 za samaki aliyepikwa: 22 au zaidi. Imefika, na ugali haujafukuzwa mezani. Wanaowafukuzia kina mama ugali halafu wanawauzia unga wa kopo, mimi nao hatuelewani.

Kalsiamu: Marekani hulenga miligramu 1,200 kwa siku baada ya miaka 50, Uingereza 700. Glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300, na ule unga wa ulezi gramu 50 una kama 170. Mboga zisikudanganye. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini oksaleti zake huishika, unapata kidogo. Sukuma wiki na chainizi hutoa vizuri zaidi. Mchicha ule, ila usiuhesabu.

Ukinunua unga wa lishe uliosagwa pamoja karanga, soya, mahindi na ulezi, una matatizo mawili. Karanga huuchachisha mapema, na soya hutaka moto mrefu kuliko nafaka. Saga kivyake, changanya sufuriani. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usizifiche kwenye kinu. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Sukari nayo: vijiko vitatu kwenye kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 48. Hapo hujala andazi. Shuka nusu kijiko kila wiki, ulimi hauoni.

WA KANDO YA ZIWA
Hapa Kisumu tunaongeza omena, ninyi mnaita dagaa. Kalsiamu yake iko kwenye mifupa, kwa hivyo usitafute minofu. Osha kwa maji vuguvugu mara tatu, ya mwisho ikikaa bila mchanga chini. Kaanga kavu hadi ivunjike ukiibana kwa vidole, saga, weka kwenye mtungi mkavu wenye kifuniko. Kijiko kimoja au viwili kwenye mchuzi wa sukuma, na wajukuu hawajui. Ikiwa ilikaushwa kwa chumvi, loweka kwanza na umwage maji. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

VISIWANI
Ramadhani inakuja na maswali yake. Vyuma viwe baada ya futari, ukishapita muda wa saa moja na nusu hivi. Asiyeweza usiku afanye kiti na ukuta tu, dakika 20 kabla ya adhana. Tatizo la futari zetu ni wanga juu ya wanga: mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati. Baada ya tende na maji, samaki au mbaazi zitangulie, mihogo ifuate. Daku isiwe chai tu. Mayai mawili na mtindi.

Na jua, chanzo cha vitamini D. Ngozi yetu ni nyeusi, buibui linafunika, kutwa tuko ndani. Kaa uani mikono na miguu wazi pale faragha inaporuhusu, na kula samaki kama vibua au jodari. Mahitaji ya vitamini D ni yuniti 600 kwa siku hadi miaka 70, kisha 800. Vile vidonge vya yuniti 50,000 si vya kununua kwa kusikia.

DADA WA FAMASI
Vidonge vya kalsiamu kaboneti mezea na chakula, si zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja. Zaidi ya hapo mwili unapitisha. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aviachanishe kwa muda wa saa nne. Aliyewahi kupata mawe ya figo aongee na daktari kwanza.

Joto la ghafla: mazoezi yana faida nyingi, ila hilo hayajathibitika kulizima, tusiwaahidi watu. Andika daftarini wiki mbili lilikuja baada ya nini: chai ya moto, pilipili, pombe, kahawa. Soya husaidia baadhi kidogo, subiri wiki 12. Linalokukosesha usingizi kila siku lina tiba ya homoni, na mazungumzo hayo na daktari ni mepesi zaidi yakifanyika kabla ya miaka 60. Unga usio na lebo wa "kurudisha ujana" hauna nafasi kwenye kaunta yangu.

MAMA SHAMBA
Na vidonge vya kuongeza damu, mtu aendelee navyo hedhi ikishakoma?

DADA WA FAMASI
Si kwa mazoea. Mahitaji ya madini ya chuma hushuka kutoka miligramu 18 kwa siku hadi 8, na vidonge vyenyewe vinafunga choo. Kipimo kikionyesha damu bado ni ndogo mwaka mzima baada ya hedhi kukoma, swali si kidonge kipi. Swali ni damu inapotea wapi. Minyoo, vidonda vya tumbo, utumbo mpana: vitafutwe kwa mpangilio huo, kuanzia na kipimo cha choo.