Watoto wa wafanyakazi kwenye mashine ya alizeti, nifanyeje?

MamaMashudu (Kizota, Dodoma)
Mbukwenyi wanajukwaa. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Kizota, ndogo tu, wafanyakazi sita, wanne akina mama. Kazi inakolea Juni, na Juni ndiyo shule zimefungwa, kwa hiyo asubuhi napokea alizeti na watoto. Juzi nimehesabu saba. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miezi mitano, yuko mgongoni.

Nilikuwa nafumba macho, maana mimi mwenyewe nimelelewa chini ya meza ya mama Soko la Majengo. Lakini Jumanne baridi ilikuwa kali, mnaujua upepo wetu wa asubuhi, watoto wakajisogeza kwenye mashine kuota joto kama wako jikoni. Mmoja wa miaka minne kavaa sweta la kaka yake, mikono inaning'inia. Fundi akapiga yowe, swichi ikazimwa. Sweta lilibakiza kama kiganja hivi kufika kwenye mkanda. Mwenyewe hana habari, anaendelea kutafuna alizeti. Mimi miguu iliisha nguvu, nikakaa juu ya gunia.

Nikiwakataa, akina mama wawili hawaji, na mzigo wa watu umejaa uani. Nikiwaruhusu, silali. Nisaidieni, ila "wasije tu" msiniambie, hiyo nimeshaiwaza.

FundiPuli
Pole dada. Nachomelea mashine hizi Singida miaka mingi. Gadi nyingi, yaani kinga za chuma, zinafunika mkanda juu na ubavuni, chini pako wazi, kwa sababu mtu mzima hapeleki mkono huko. Huko chini ndiko mtoto wa miaka minne anakoishi. Piga magoti mlangoni, macho yako yawe usawa wa macho yake, uangalie mashine yako upya. Wavu uwe wa matundu ambayo kidole chake hakipiti, siyo chako wewe. Na "nitawahi swichi" usiitegemee, puli, lile gurudumu la mkanda, ukiizima bado inazunguka. Magunia nayo, yakipangwa marefu wanayapanda.

Babu_Kongwa
Mnawadekeza. Sisi tumekulia kwenye mashine ya kusaga na wote tupo. Mmoja tu ndiye alipoteza vidole viwili, na yule alikuwa mtundu.

NesiWaZamu
Babu shikamoo, vidole viwili umevipita haraka sana.

Mama, kama mnasafisha mafuta hapo hapo, kostiki, ile soda kali ya kusafishia, inakaa wapi? Isije ikawa kwenye chupa ya maji. Mtoto akinywa usimtapishe, ikirudi inaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo, kimbia hospitali, na chupa yenyewe uibebe. Akiungua na mafuta, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno muiache ya kupigia mswaki. Halafu umesema huyo wa miaka minne alikuwa anatafuna alizeti, umepita kama si kitu. Akicheka au akishtuka na punje mdomoni, inaingia njia ya hewa. Fundi alipopiga yowe mlikuwa na hatari mbili.

Mwanaharakati_wa_Posho
Mtoto wa miezi mitano mtenge na hao wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya saa za kazi. Hiyo ni haki yake, usimfanyie kama fadhila. Cha kutafuta ni mahali pasipo vumbi na kelele za mota.

MamaMashudu (Kizota, Dodoma)
Asanteni. Jana nilipiga magoti mlangoni kweli, wafanyakazi wakadhani naomba mvua. Chini ya benchi nikaiona kostiki, kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile ile wanayonywea watoto. Nilijisikia vibaya. Sasa iko kabatini, ufunguo ninao mimi.

Ng'ambo ya barabara kuna bibi mwenye ua wenye jua zuri la asubuhi. Tumekubaliana shilingi 10,000 kwa siku, nusu natoa mimi, nusu wanachanga akina mama, na kuvuka barabara ni kwa kushikwa mkono. Yule wa kunyonya naye analala huko, mama yake anamfuata na posho sigusi. Hapa kila mtu alikuwa akidhani mwenzake ndiye anawaangalia.

Aliyebaki kunisumbua ni wa darasa la tatu, hataki kukaa na "watoto", anataka kuhesabu magunia. Nimempa daftari, anahesabia getini, ndani haingii.

FundiPuli, gadi ya chini na juu inachukua siku ngapi? Naweza kuzima Jumapili tu.