Kipa kumpiga chenga straika kwenye mechi ya kirafiki, nijaribu?

kipa_mtulivu:
Wakuu habari, mimi ni golikipa, wikiendi tuna mechi ya kirafiki na kuna kitu nakifanyia sana mazoezi, mpira ukirudishwa kwangu straika akaja mbio kupresi sibutui, namvuta asogee halafu nampiga chenga natoa pasi katikati. Mazoezini inakubali ila mechini sijawahi. Nijaribu au nibutue tu kama kawaida?

mzee_wa_kati:
Jaribu kijana, usipojaribu kwenye ya kirafiki utajaribu wapi? Lile teke la nge la Higuita, kipa wa Kolombia, uwanja wa Wembley 1995, ilikuwa kirafiki, Uingereza na Kolombia. Mpira wa Redknapp wa Uingereza unaelekea golini, Higuita akaurukia kwa mbele, akaupiga kwa visigino nyuma ya kichwa, mechi ikaisha 0-0 na mpaka leo watu wanaiangalia. Sasa kipa huyohuyo Kombe la Dunia 1990, hatua ya 16 bora, alitoka mbali na goli akataka kumchenga Roger Milla, straika wa Kameruni, akapokonywa, Kameruni wakashinda 2-1 na Kolombia wakarudi nyumbani. Ujasiri ni uleule ila gharama ni tofauti kabisa.

beki_namba_4:
Mimi sipingi ila waambie mabeki wako kabla ya mechi!! Sisi tukishakurudishia mpira tunapanda, tunajua utabutua, ukipokonywa hapo hakuna mtu nyuma. Tukijua, mmoja anabaki karibu na goli na mwingine anafungua pembeni upate pa kutoa. Na kocha ajue pia, goli likiingia lawama ni ya timu nzima sio yako peke yako.

mzee_wa_kati:
Beki kasema kweli. Halafu chenga iende upande wa pembeni, usikatize mbele ya goli, ukipoteza pembeni bado una muda wa kurudi. Angalia kabla mpira haujakufikia. Na akija kwa kuteleza achana nayo, butua, mguu wako una thamani kuliko chenga.

kipa_mtulivu:
Asanteni sana, mabeki ntaongea nao leo leo. Swali la mwisho, wakinipokonya mara ya kwanza wakafunga, niendelee au niache?

beki_namba_4:
Kama kocha ameruhusu endelea, mimi ntakurudishia tena.