Mjadala: Mtabiri aishie kwenye asilimia, au aseme na la kufanya?

Hoja: utabiri wa mvua za msimu hutolewa kwa asilimia za mafungu matatu, tuseme 40-35-25: mvua juu ya wastani, za wastani, chini ya wastani. Wapo wanaotaka mtabiri aishie hapo, wapo wanaotaka aseme wazi "panda mapema" au "punguza maji bwawani".

Mtabiri: Asilimia zibaki. Bila taarifa yoyote kila fungu lina 33, kwa hiyo 40 ni kusogea pointi saba tu. Ukiigeuza agizo, mara sita katika kumi utaitwa mwongo. Na lile fungu la 25, ambalo hakuna anayelisoma, hutokea mara moja katika nne!

Mhandisi wa bwawa: Sawa mkuu, lakini 40 yako haijibu swali langu. Mimi siamui kwa jumla ya mvua za miezi mitatu. Nataka uwezekano wa kina cha maji kushuka chini ya mlango wa kuchotea kabla msimu haujaisha. Nikiupata, hesabu ni fupi: gharama ya kujikinga gawanya kwa hasara inayoepukika. Kujikinga ni 20, hasara ni 100? Nachukua hatua uwezekano ukipita 20%. Ambaye kujikinga kunamgharimu 60 asubiri upite 60%. Utabiri ni uleule na wote wawili wako sahihi, ndiyo maana agizo moja kwa wote silitaki pia.

Afisa mipango: Hiyo ni ya msimu. Kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, litakalodumu miaka 30 je? Tunaletewa ramani za 2050 zenye vijiraba vya kilomita moja, kumbe modeli nyingi za tabianchi ya dunia nzima zina vijiraba vya kilomita 100 hivi. Kukuza picha si kuongeza habari.

Mhandisi wa bwawa: Usichague modeli moja. Jaribu kipenyo cha kalavati kwa makadirio ya chini na ya juu ya mvua, uone kinashindwa wapi. Hewa hubeba mvuke takriban 7% zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hivyo mvua kubwa zaweza kuzidi. Na "mafuriko ya miaka 100", yaani yenye uwezekano wa 1% kila mwaka, hata tabianchi isipobadilika, yana uwezekano wa 26% kutokea ndani ya miaka 30. Jina hilo limepotosha wengi.

Mtabiri: Uwezekano wa kina naweza kuukokotoa, ila nipeni daftari za vipimo vya bwawa, miaka 30 ikiwezekana, nizilinganishe na tabiri za nyuma. Na muonyeshe tarehe kipimo kilipohamishwa. Bila hiyo, mruko wa kuhamisha kipimo utasomeka kama ukame.